Barua Iliyokuja kwa Wakati Wake

Katika ukoo wetu mimi ndiye fundi. Sikusomea kompyuta, nina duka dogo la stesheneri na uchapaji hapa Morogoro, lenye printa mbili na mashine moja ya kudurufu, lakini kwa kuwa ndugu zangu hunikuta kila siku mbele ya skrini, wamekubaliana kwamba kila kitu chenye skrini kinanihusu. Mama mdogo, ambaye alistaafu uuguzi huko Birmingham na siku hizi hununua karibu kila kitu mtandaoni, kuanzia sufuria hadi viatu, hunitumia picha ya kila barua pepe inayomtia shaka, na chini yake huandika neno moja tu: "Kweli?" Nami kwa miaka kadhaa nimekuwa nikimjibu kwa ujasiri wa hakimu: "Shikamoo mama mdogo. Si ya kweli, futa." Hunijibu "Marahaba mwanangu", anafuta, na siku inaendelea. Ndiyo maana nilikawia kumweleza kwamba mwezi wa tatu mwaka huu aliyenaswa ni mimi.

Kichwa cha printa yangu kubwa kiliziba na kufa katika wiki ambayo nilikuwa na oda ya kadi 400 za harusi. Kipya hakikupatikana Dar es Salaam kwa bei niliyoiweza, kwa hiyo nilikiagiza kutoka duka moja kubwa la mtandaoni la nje, nikalipa kwa kadi ya benki, nikaanza kuhesabu siku. Siku ya tatu, saa mbili kasoro usiku, iliingia barua pepe yenye jina la duka lile lile, nembo ile ile na rangi zile zile. Ilisema, kwa Kiingereza safi kisicho na kosa hata moja, kwamba benki yangu imekataa malipo, kwamba oda imesimamishwa, na kwamba itafutwa baada ya saa 24 nisipothibitisha taarifa za kadi kwa kubonyeza kitufe kilichokuwa hapo chini. Sikuwa na shaka hata chembe. Kadi yangu hukataliwa kweli mara nyingine, na habari ya mzigo ule nilikuwa nikiisubiri kama mkulima wa Kilosa anavyolitazama wingu la masika.

Baadaye nilijiuliza mwizi yule alijuaje kwamba nina oda. Hakujua. Sisi Watanzania tunapaswa kuielewa hesabu hii kuliko watu wengi, maana tumeishi miaka mingi na ule ujumbe wa simu usemao "Ile hela itume kwenye namba hii". Ujumbe huo haukutaji jina, hausemi ni hela gani wala ya nini, na karibu kila anayeupokea huucheka na kuufuta. Lakini hutumwa kwa watu wengi kiasi kwamba hauwezi kukosa kumfikia mmoja ambaye, dakika ile ile, ameshika simu akitaka kumlipa mwenye nyumba kodi yake. Barua pepe ya duka la uongo imesimama juu ya msingi huo huo. Jina la Amazon, lile duka kubwa la mtandaoni la Marekani, hupendwa na matapeli kwa sababu ukirusha barua milioni moja zenye jina hilo nchini Uingereza au Marekani, watu wengi sana watakaozipokea watakuwa wateja wake, na baadhi yao watakuwa wanasubiri kifurushi usiku huo huo. Msimu nao huwabeba: Krismasi, mauzo ya mwisho wa Novemba, na zile siku za punguzo la bei ziitwazo Prime Day ambazo Amazon ilizianzisha Julai 2015, zote ni nyakati ambazo mtu ana oda tatu njiani na hakumbuki vizuri ipi ni ipi. Kwa hiyo swali ambalo wengi tumezoea kujiuliza, "Je, hili linanihusu?", halitoshi. Barua iliyoninasa ilinihusu kabisa, kwa bahati tu.

Kesho yake niliifungua tena kwenye kompyuta ya dukani, maana simu huonyesha jina la mtumaji na kuificha anwani mpaka uliguse jina lenyewe. Jina lilikuwa la duka. Anwani iliyokuwa nyuma yake ilikuwa rundo la herufi na tarakimu, likifuatiwa na kikoa, yaani jina lililosajiliwa kwa ajili ya tovuti na barua pepe, cha kampuni iliyoonekana kuwa ya kutengeneza fanicha, ambayo bila shaka haikuwa na habari kwamba seva yake, yaani kompyuta inayotuma na kupokea barua zake, inatumiwa na wezi. Wateja wangu wengi hushangaa ninapowaambia kwamba jambo hili linawezekana, lakini ndivyo barua pepe ilivyozaliwa. Kanuni za kuisafirisha, ambazo mtaalamu wa kompyuta Mmarekani, Jon Postel, aliziandika mwaka 1982 na ambazo msingi wake unatumika hadi leo, zilitungwa kwa ajili ya mtandao mdogo wa vyuo na taasisi za utafiti, na hazikumdai mtumaji uthibitisho kwamba yeye ndiye. Mstari wa juu unaotaja barua imetoka kwa nani ni maandishi tu, kama anwani ya mtumaji iliyoandikwa nyuma ya bahasha: karani wa posta huangalia stempu na mahali bahasha inakokwenda, wala haulizi kama kweli wewe ndiye uliyeandikwa huko nyuma.

Pengo hilo limezibwa baadaye kwa viraka vitatu ambavyo inafaa kuvijua kwa majina. Kiraka kiitwacho SPF humwezesha mwenye kikoa kutangaza seva zinazoruhusiwa kutuma barua kwa jina lake. DKIM huitia barua sahihi ya kihisabati ambayo seva inayopokea inaweza kuihakiki. Na DMARC, iliyochapishwa rasmi Machi 2015, humwezesha mwenye kikoa kusema barua itakayoshindwa mitihani hiyo ifanywe nini: ipitishwe, itupwe kwenye taka, au ikataliwe mlangoni. Kuanzia Februari 2024 Google na Yahoo zilianza kuwadai watumaji wakubwa wawe na vyote vitatu, na kwa Gmail mtumaji mkubwa ni yule anayetuma kwa watumiaji wake barua zipatazo 5,000 au zaidi kwa siku. Hatua hiyo imesaidia sana, kwani leo ni vigumu zaidi kuliko zamani kwa tapeli kutuma barua inayobeba kikoa halisi cha duka kubwa.

Lakini nilipoufungua ujumbe asilia wa barua yangu, yaani ile kurasa ndefu ya maandishi ya mashine ambayo kwenye kompyuta unaweza kuiomba katika menyu iliyo kando ya barua, nilikuta imefaulu mitihani yote mitatu. Nilikaa nikiutazama ukurasa huo kwa muda mrefu kabla ya kuelewa. Mitihani hiyo huthibitisha kwamba barua imetoka kwenye kikoa inachokitaja; haithibitishi kwamba mwenye kikoa ni mwaminifu, wala kwamba jina la kupambia lililowekwa mbele ya anwani ni la kweli. Barua ilikuwa imetoka kwa wale watu wa fanicha kweli kweli, kupitia seva yao halisi. Alama ya kufaulu ilikuwa ya haki kabisa, na bado barua ilikuwa ya wizi.

Basi jicho liende kwenye anwani ya kiungo, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ni ujuzi wa dakika kumi ambao sijaona ukifundishwa ipasavyo. Kwenye kompyuta, weka kishale juu ya kitufe bila kubonyeza, na anwani itatokea pembeni; kwenye simu, kishikilie kitufe kwa kidole mpaka anwani ijitokeze. Ya kwangu ilikuwa na umbo hili, ingawa majina nimeyabadilisha na mwisho nimeweka .example, ambao tangu mwaka 1999 umetengwa kwa ajili ya mifano tu: duka.example.hakiki-oda.example/ingia. Ukiisoma kuanzia kushoto, kama tulivyozoea, kitu cha kwanza unachokutana nacho ni jina la duka, na jicho linaridhika na kuacha kusoma. Anwani ya tovuti haimilikiwi kutoka kushoto. Tafuta mkwaju wa kwanza ulio peke yake, yaani usiuhesabu ule mkwaju wa mara mbili unaotangulia anwani, kisha rudi nyuma kutoka kulia kwenda kushoto, kama wazee wa pwani walivyokisoma Kiswahili kilipoandikwa kwa hati ya Kiarabu. Utakutana na mwisho wa anwani, kisha nukta, kisha neno moja: hakiki-oda. Huyo ndiye mwenye nyumba. Kila kilicho kushoto kwake ni vyumba ambavyo mwenye nyumba anavipa jina lolote alitakalo, na akiamua kukiita chumba kimoja jina la duka mashuhuri, au jina la Ikulu, hakuna wa kumzuia. Pale ambapo mwisho una vipande viwili, kama .co.tz au .co.uk, rudi nyuma kipande kimoja zaidi. Na kistari si nukta: malipo.duka.example ni chumba ndani ya nyumba ya duka, ilhali duka-malipo.example ni nyumba nyingine kabisa, pengine iliyosajiliwa jana jioni.

Zipo hila za kiwango cha juu zaidi. Mwaka 2017 mtafiti Xudong Zheng alisajili kikoa kilichoonekana kwenye baadhi ya vivinjari, yaani programu za kufungulia tovuti, kama apple.com, kumbe herufi zote za neno apple zilikuwa za Kisirili, hati wanayoitumia Warusi, zinazofanana na zetu kwa sura tu. Baadhi ya vivinjari vikarekebishwa, na humo anwani ya namna hiyo kwa kawaida huonyeshwa kwa umbo lake la ndani linaloanza na xn--. Ile alama ya kufuli iliyokuwa kando ya anwani ya tovuti nayo tulisahau kuihoji. Tuliambiwa miaka mingi kwamba penye kufuli pana usalama, ilhali kufuli lilimaanisha tu kwamba mazungumzo kati yako na tovuti hayasikilizwi na mtu wa tatu, na tangu huduma ya Let's Encrypt ianze kutoa bure kwa umma, mwishoni mwa 2015, vyeti vinavyoipa tovuti kufuli hilo, mwizi naye hupata kufuli lake kwa dakika chache. Google ililiondoa kufuli hilo kwenye upau wa anwani wa kivinjari chake cha Chrome mnamo Septemba 2023, ikieleza kwamba watu walikuwa wakilielewa vibaya. Nilikuwa mmoja wao.

Ushauri mwingine ambao sijawahi kuupenda ni ule wa kutafuta makosa ya lugha. Umeandikwa na watu ambao Kiingereza ni cha mama zao, na kwao labda ulifaa. Kwetu sisi tuliojifunza Kiingereza darasani, kwa chaki na viboko, kuambiwa tumtambue tapeli kwa kosa la sarufi ni kama kumwambia mgeni amtambue Mzaramo bandia kwa lafudhi. Hata huko kwao ushauri huo umechakaa. Tangu ChatGPT, programu ya akili mnemba inayoandika yenyewe, ilipotolewa Novemba 2022 na nyingine za aina yake kufuata, mtu yeyote anaweza kupata barua iliyonyooka kwa lugha aitakayo, Kiswahili kikiwemo. Barua yangu ilikuwa imeandikwa vizuri kuliko nyingi ninazopokea kutoka kwa wateja wa kweli.

Iko aina nyingine ambayo anwani haikusaidii kitu, kwa sababu haina kiungo. Mama mdogo aliwahi kunitumia moja: stakabadhi nadhifu ya simu ya pauni 899 ambayo hakuinunua, yenye jina lake, na chini maneno kwamba kama oda si yako piga namba hii mara moja. Wezi wa aina hii hawataki ubonyeze. Wanataka upige, kwa sababu programu za kuchuja barua hukagua viungo kuliko zinavyokagua namba za simu, na kwa sababu mtu aliyepiga mwenyewe huamini kwamba yeye ndiye anayeongoza mazungumzo. Atakayepokea ni kijana mwenye adabu, atakayekuomba uweke programu ya kuendesha kompyuta yako kutoka mbali ili "akurudishie" fedha, kisha atajifanya amekurudishia nyingi mno kwa makosa, aanze kulia kwamba atafukuzwa kazi, na kukuomba umrudishie tofauti kwa kununua kadi za zawadi na kumsomea namba zake. Kadi za zawadi zikitajwa tu, mazungumzo yamekwisha. Hakuna duka, benki wala serikali inayodai deni kwa njia hiyo. Ndugu wa barua hii ni ile isemayo mzigo wako umekwama forodhani kwa sababu ya ada ya dola moja na senti tisini na tisa. Watu hulipa kwa kuwa ni kidogo, lakini dola hiyo haina maana kwa mwizi. Anachokitaka ni namba ya kadi utakayoitumia kuilipa.

Nirudi kwenye usiku ule. Nilibonyeza kitufe nikiwa nimesimama jikoni, na ukurasa uliofunguka haukuwa na tofauti yoyote na ule niliouzoea. Natumia programu ya kutunza nywila, ambayo nikifika kwenye duka lile hujitokeza yenyewe na kujaza nafasi zote mbili. Usiku ule ilinyamaza. Nilidhani ni mtandao, nikasubiri, nikauburuta ukurasa chini ujipakie upya, na iliponyamaza tena niliifungua programu mwenyewe, nikaitafuta nywila, nikainakili na kuibandika kwa mkono. Katika makosa yote niliyofanya usiku ule, hilo ndilo linaloniuma. Programu ya namna hiyo haidanganywi na nembo wala rangi. Hulinganisha kikoa herufi kwa herufi, na ilipoona hakikuwa kile ilichokihifadhi, ilifanya kazi yake kwa kukaa kimya. Nilikuwa na shahidi aliyejua ukweli, nami nikamzunguka.

Ukurasa uliofuata uliomba namba ya kadi, tarehe ya mwisho na zile tarakimu tatu za nyuma. Niliandika zote. Kisha ukaomba tarakimu sita ambazo benki ingenitumia kwa ujumbe, na ujumbe ukaja kweli, kutoka benki yangu halisi. Watu wengi huziangalia tarakimu tu, na mimi huwa hivyo hivyo, lakini usiku ule miwani sikuwa nayo, ikabidi niusome ujumbe polepole kuanzia mwanzo. Ulisema tarakimu hizo ni za kuidhinisha malipo ya euro 412. Mimi nilikuwa nimeagiza kwa dola, na wala hazikufika 200. Nyuma ya ukurasa ule kulikuwa na mtu au mashine iliyokuwa ikiitumia kadi yangu mahali pengine katika dakika ile ile, ikisubiri mimi niipe ufunguo wa mwisho. Hivi ndivyo tarakimu za uthibitisho zinavyoibwa: kwa kuwa mwenyewe huzisoma na kuziandika mahali ambapo siko. Ufunguo wa kuingilia unaohifadhiwa ndani ya simu, ambao baadhi ya maduka sasa huutoa badala ya nywila, hauna udhaifu huo, kwani umefungwa kwenye kikoa kimoja na haufanyi kazi kwingine hata mwenyewe ukitaka.

Sikuziandika tarakimu zile. Nilipiga simu benki usiku ule ule, kadi ikafungwa, kisha nikaingia kwenye lile duka la mtandaoni kwa kuandika anwani mwenyewe, nikabadilisha nywila, nikaviondoa vifaa vyote vilivyokuwa vimeingia kwenye akaunti yangu, na kukagua kama anwani ya kupelekewa mizigo imeguswa. Ningekuwa nimetumia nywila ile ile kwenye barua pepe, ningeanza na barua pepe kabla ya chochote, kwa sababu anayeishika barua pepe yako anaweza kuomba nywila mpya ya kila kitu kingine. Na pale, ndani ya akaunti, oda yangu ilikuwa imekaa kwa utulivu: imelipwa, imefungashwa, iko njiani. Dakika moja ya kuingia kwa mlango wangu mwenyewe ingenitosha kabla ya yote. Amazon, kwa mfano, huweka ndani ya akaunti ya mteja sanduku la ujumbe lenye nakala za barua ilizomtumia, na ambayo haimo humo hupaswi kuiamini.

Barua yenyewe sikuifuta kabla ya kuiripoti. Mama mdogo, kwa kuwa yuko Uingereza, nimemwonyesha anwani ya report@phishing.gov.uk, ambayo serikali ya huko imekuwa ikipokelea barua za namna hii tangu 2020. Hapa kwetu namba ya 15040 ni ya kupelekea namba za matapeli wa simu, nami nimeitumia mara nyingi kwa ajili ya wale wa "ile hela".

Kichwa cha printa kilifika siku ya kumi na tisa, wakati kadi za harusi nilikuwa nimeshazipeleka kuchapwa kwa jirani, kwa hasara. Barua pepe ya kweli iliyoniarifu kwamba mzigo umefika niliifuta bila kuifungua, kwa sababu viungo vyake vilikuwa virefu na vya ajabu, kama vilivyo vingi vya maduka ya kweli. Habari niliipata kwenye akaunti, nilipoingia mwenyewe kutazama. Siku hiyo ndipo nilipompigia mama mdogo na kumsimulia yote, pamoja na ile sehemu ya kubandika nywila kwa mkono. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Sasa mwanangu, picha zangu niwe namtumia nani?"